Samaki Waliopinda

"Usiwaguse," Arkhip Tarlin alisema, na Chagin akarudisha mkono mfukoni.

Rundo la samaki lilifika magotini, mbele ya banda la kuhifadhia samaki la mzee Prokopy, wote wameganda wakawa wagumu kama kuni. Walikuwa wamechanganyika ovyo. Wengine wamelala wamenyooka, wengine wamejikunja, mkia umegeukia kichwa na mapezi yametanuka. Tangu Jumatatu watu walikuwa wakipita kando ya rundo lile wakienda na kurudi, na hakuna aliyelitazama mara mbili. Marehemu alikuwa mvuvi, na mvuvi kuwa na samaki mlangoni si habari.

"Ni samaki tu, Inspekta," Chagin alisema.

"Ndiyo. Ndiyo maana nataka kuwaangalia."

Vadim Olegovich Chagin alikuwa mpelelezi wa ofisi ya mwendesha mashtaka, kutoka mjini. Hakuwa mtu mbaya wala hakuwa mjinga. Alikuwa na baridi, na helikopta yake ilikuwa inakuja kesho asubuhi. Alikusudia kuondoka na Semyon, mkwe wa marehemu, ambaye saa hiyo alikuwa amefungwa pingu katika chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji. Kesi ilikuwa imeshakamilika kichwani mwa Chagin. Ijumaa Semyon alikuja hapa kibandani kwa baba mkwe wake, Prokopy Nettin. Wakagombana. Akampiga kichwani, akamwacha ndani, akaegemeza kijiti mlangoni ili mtu yeyote asiingie, akaenda zake. Jumatatu watu waliokuja kumtafuta wakamkuta mzee amekufa, kipaji cha uso kimepasuka, ameganda kabisa. Daktari alisema wazi kuwa maiti iliyoganda haimwambii mtu ilikufa lini.

Arkhip alikuwa inspekta wa wilaya. Alizaliwa na watu wa hukohuko, ila wa mto mwingine, naye alimjua mzee Prokopy kwa kula samaki wake. Alikuwa na leo tu. Helikopta ikishaondoka na Semyon, mambo ya mjini yangejiendea yenyewe, na Ulyana, binti wa marehemu, angebaki amempoteza baba na mume katika wiki moja.

"Hebu nieleze tena hicho kijiti," Chagin alisema.

"Ukitoka nyumbani unakiegemeza mlangoni. Anayekuja akikiona anajua hakuna mtu. Anageuza."

"Na kufuli?"

"Kufuli la nini?"

"Ninyi mjini mnafunga kufuli tatu na bado mnaibiwa," mzee Gordey alidakia kutoka kwenye moto aliokuwa amewasha pembeni ya sleji yake ya kukokotwa thelujini. Gordey ndiye aliyewaleta kwa pikipiki yake ya theluji, na tangu asubuhi alikuwa hajanyamaza. "Sisi kijiti kinatutosha. Hata mbwa wangu anakiheshimu."

"Basi aliyemuua alijua kinatosha," Chagin alijibu. "Hilo ndilo nisemalo mimi, mzee. Huyu si mtu wa kutoka mbali. Ni wa humu humu."

Gordey aligeukia birika lake.

Arkhip alimwendea Ulyana. Alikuwa ameketi pembeni ya sleji, mwanamke wa miaka arobaini hivi, shali limefungwa mpaka kidevuni, macho makavu na mekundu. Chai aliyopewa ilikuwa imeshapoa mkononi. Yeye ndiye aliyemwambia Chagin habari za ugomvi wa Ijumaa, na tangu mumewe afungwe pingu hakuna aliyemsikia akisema neno refu.

"Dada Ulyana. Nisimulie Jumapili."

"Nimeshasimulia."

"Kwake. Mimi hujanisimulia."

Aliitazama chai. "Nilikuja nikiteleza kwa ski zangu. Upepo ulikuwa unakata uso. Nikakuta kijiti mlangoni, na ski za baba hazipo ukutani. Nikasema amepita njia ya msituni kwenda kijijini, tumepishana. Nikasema akifika atamkuta Semyon, labda watapatana."

"Moshi?"

"Sikuona moshi. Theluji ilikuwa inaruka, hata bomba lenyewe sikuliona sawasawa. Nikaenda kwenye uzio wa samaki mtoni, nikautoa mgono, ule mtego wa baba. Ulikuwa umejaa pomoni. Maji yalikuwa yameshakufa, mekundu kama chai ya jana, yananuka. Ningeondokaje nikawaacha samaki wa baba waoze? Nikawabeba, nikawamwaga hapo, juu ya wale waliokuwapo."

"Kwa nini hukuwatia bandani?"

Alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini hatembei uchi. "Kijiti kilikuwa mlangoni, kaka Arkhip. Banda si la nyumba ileile?"

"Hukumwita?"

"Penye chemchemi? Nipaze sauti?"

Arkhip alitikisa kichwa kuomba radhi. Chini ya uzio wa Prokopy palikuwa na chemchemi hai, mahali maji mapya yanapochomoza chini ya mto majira yote. Watu wa pale hawapazi sauti mahali kama hapo, wasiwasumbue wenyewe wa majini. Wanafanya kazi kimya, wanachukua chao, wanaondoka. Ndiyo maana ugomvi wa Ijumaa uliwatisha watu kuliko kipigo chenyewe. Gordey alikuwa anapita na sleji akasikia Semyon akifoka penye chemchemi, na kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimekubaliana kwamba mtu wa hivyo hashindwi kufanya lolote.

"Kulikuwa kimya kabisa basi," Arkhip alisema.

"Kimya. Barafu tu ilikuwa inagonga, kama inavyogonga maji yakipungua chini yake. Nikamaliza, nikaondoka." Akamwaga chai kwenye theluji. "Umeridhika?"

"Ijumaa waligombania nini?"

"Semyon alitaka baba ahamie kwetu. Theluji ilipoanza, mdomo wa baba ulipinda upande mmoja, mkono wa kulia ukamfia siku nzima. Kisha ukarudi, naye akasema ni baridi. Semyon akamwambia utakufia huko peke yako kama mbwa. Baba akamwambia afadhali mbwa kuliko kulelewa na wewe." Sauti yake ilikatika. "Ndiyo waliyokuwa wakipigiana kelele. Kumbe na mimi nimekwenda kumweleza mtu wa mjini."

Arkhip alirudi kwenye rundo, akapiga magoti, akaanza kuondoa samaki mmoja mmoja, akiwapanga kwenye theluji katika mafungu mawili.

"Vadim Olegovich, njoo uone. Samaki akitolewa majini hai akatupwa kwenye baridi ya namna hii, anaruka mara mbili tatu, anagandia palepale alipojikunja. Huyu hapa. Akifia majini, ukamtoa baadaye, anaganda amenyooka, macho yameingia ndani, na mashavu yamefifia. Huyu."

"Hata mimi naweza kuona hivyo."

"Vizuri. Sasa tazama ni samaki gani."

Walionyooka wote walikuwa macho-mekundu, samaki wadogo wa magamba wanaokwenda makundi makundi. Waliopinda wote walikuwa nalimu, samaki mwenye ndevu moja kidevuni na ngozi telezi kama kambare. Chagin alichuchumaa. Baridi ilikuwa imemsahaulisha kwamba ana haraka, au haraka imemsahaulisha baridi.

"Mgono mmoja, siku moja," alisema. "Kwa nini hawa wafe na hawa waishi?"

"Maana hawafanani. Mto ukishafunikwa barafu, samaki wote hupoa kadiri maji yanavyopoa, hadi damu. Hawali sana, hawaendi mbali, wanajibana kwenye vina na kubana nguvu. Hapo hawajapata shida. Shida ni pumzi. Barafu imefunika mto kama kifuniko cha sufuria, na kutoka kwenye mabwawa huko juu yanashuka maji mekundu yasiyo na pumzi hata kidogo. Sisi tunasema maji yamekufa. Yakianza kushuka, samaki wanakimbia mbele yake, wanatafuta chemchemi hai. Wa kwanza kuzidiwa ni wale weupe, wenye nyama ya mafuta. Hao ni wateuzi, hawavumilii. Kisha macho-mekundu. Nalimu ni kinyume cha wote. Baridi ndiyo sikukuu yake. Wenzake wakilala yeye anawinda, na katikati ya majira ya baridi ndipo anapotaga mayai."

"Na humu mgononi anawala wenzake waliofungwa naye," Gordey aliongeza. "Namjua shemeji yangu mmoja wa hivyo."

Hakuna aliyecheka. Gordey mwenyewe aliinamisha kichwa, maana Prokopy ndiye aliyekuwa akicheka mizaha yake kuliko wote.

Arkhip aliendelea kuchimba. Chini ya samaki wa Ulyana alikuta theluji, tabaka nene la kiganja, laini, haijakanyagwa. Akaifagia kwa mkono wa koti. Chini yake palikuwa na samaki wengine.

Walikuwa weupe, na kila mmoja alikuwa amepinda.

Arkhip alimwinua mmoja, akafunua shavu kwa ncha ya kisu. Ndani palikuwa pekundu, pameiva kuwa kahawia, na mdomo ulikuwa umeachama wazi.

"Nani aliwatoa hawa?" Chagin aliuliza taratibu.

"Wewe unasemaje?"

"Binti alitoa wa juu, Jumapili. Theluji hii ilianguka lini?"

"Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili," Gordey alisema. "Ilinifukia hata choo."

"Basi hawa walitolewa kabla. Ijumaa, basi. Mzee aliwatoa Ijumaa, mkwe hajafika." Lakini hakulisema kwa nguvu.

"Mzee Gordey," Arkhip aliita. "Maji yalikufa lini kijijini?"

"Ijumaa jioni. Mke wangu aliteka maji, akapika chai, chai ikanuka kinamasi. Tukaanza kuyeyusha theluji. Muulize yeyote."

"Na kutoka kijijini mpaka hapa?"

"Yanajikokota. Usiku mzima na asubuhi yake. Hapa yamefika Jumamosi mchana, hayawezi kufika mapema."

Arkhip alimwonyesha Chagin ule mdomo ulioachama. "Huyu alikuwa ameshaanza kukabwa. Ijumaa hapa maji yalikuwa mazima, na samaki walikuwa hawajaanza hata kusogea. Semyon mwenyewe alikwambia walikula nalimu mmoja tu aliyekuwa mgononi, wawili kwa mmoja, na mzee alikuwa amekasirika kwa sababu mgono ni mtupu. Weupe hawa walikimbia maji yaliyokufa, wakaingia mgononi, na mtu akawatoa wangali hai. Hao hawangoji. Ukichelewa kidogo tu unakuta wamekufa, wamenyooka. Aliyewatoa alikuwa anausubiri mgono wake, Jumamosi, anajua anachofanya."

"Mtu mwingine."

"Nani? Humu hakuna anayegusa mgono wa mwenzake."

"Binti aligusa."

"Binti ni binti. Na Jumamosi alikuwa kwake, anaoka mikate ya watu wa shule."

Chagin alisimama, akapigapiga magoti. "Na Semyon, Jumamosi?"

"Kutwa alikuwa kwangu!" Gordey aliruka. "Tulilala chini ya hii pikipiki kama vifaranga, tangu kumekucha mpaka giza. Nilimwambia afisa wako, akasema haihusu, mzee alikufa Ijumaa. Haihusu! Mimi na meno yangu haya mawili naambiwa sijui siku."

Chagin alitembea mpaka mlangoni, akatazama kile kijiti kilichokuwa kimelala kwenye theluji pale kilipoangushwa Jumatatu. "Kama alikuwa hai Jumamosi, na hakuna aliyekuja Jumamosi, kijiti aliweka nani? Mtu hawezi kuwa ndani na akaegemeza kijiti nje."

"Alikiweka mwenyewe alipokwenda mtoni. Sasa tuone alirudi vipi."

Banda la samaki lilikuwa limegandamana na kibanda kwa nyuma, na pazia la ngozi ya paa wa theluji ndilo mlango wake. Arkhip aliliinua. Ski za Prokopy zilikuwa zimetupwa ndani, moja juu ya nyingine, kwa namna ambayo mzee huyo hakuwahi kuziweka maishani mwake. Sakafuni, kutoka kwenye pazia mpaka kwenye kijimlango cha ndani, kulikuwa na matone makubwa ya barafu. Chagin aliinama akamulika tochi. Matone yalikuwa mekundu.

"Damu?"

"Nusa."

Alinusa, akakunja uso. "Kinamasi."

"Karibu na chemchemi barafu ni nyembamba. Ilimkatikia, akazama mpaka mapajani, katika maji yaliyokufa. Akatoka, akawakumbatia samaki alioweza kuwabeba, akapita hapa kwa sababu hapa ndipo karibu na jiko. Nani anazunguka mbele kwenda kutoa kijiti wakati suruali inamgandia miguuni? Theluji ya usiku ikafuta nyayo zake. Mbele kijiti kikabaki kimesimama."

Ndani ya kibanda kulikuwa na baridi kuliko nje. Mwili ulikuwa umeshaondolewa, lakini kila kitu kilikuwa mahali pake. Palikuwa na jiko la chuma lenye damu kavu kwenye pembe. Chini ya ukuta unaotazama mto, pale alipokutwa, palikuwa na sufuria ya bati iliyobonyea na upawa wa chuma.

"Upawa ulikuwa mkono wa kushoto," Chagin alisema. "Niliuandika kama silaha ya kujihami. Kwa nini wa kushoto?"

"Mkono wa kulia ulikuwa umemfia tena. Alianguka, akajipiga kwenye pembe ya jiko."

Chagin alivuta pumzi ndefu. Juu ya jiko palikuwa na kamba. Kwenye kamba ilining'inia suruali nzito ya manyoya, ina doa jekundu mpaka mapajani, na kando yake vipande vya samaki mweupe vilivyochanwa vyembamba. Chagin aliishika suruali, akaiminya. Manyoya yalitoa sauti kavu.

"Imekauka," alisema.

Arkhip aliinamia jiko.

"Suruali kama hii ikilowa hivyo, inahitaji moto wa muda gani?"

"Inategemea."

Chagin alimtazama, kisha akatazama upawa, kisha ukuta. Ukutani mbao zilikuwa na alama ndogo ndogo za kubonyea, nyingi, zote kwa kimo cha mtu aliyelala. Alizipapasa kwa kidole cha glavu. Uso wake ulibadilika. Alikuwa mtu wa mjini, lakini alikuwa na baba.

"Kwa kesi yangu Jumamosi inanitosha," alisema mwishowe. "Ijumaa mkwe alimwacha mzima, Jumamosi mzee amevua, ameanguka. Mengine sina haja ya kuyauliza. Naenda kupiga redio wamfungue."

"Asante, Vadim Olegovich."

"Usinishukuru."

Alitoka. Arkhip alibaki peke yake, na hesabu ilikuwa imeshajipanga kichwani mwake hata kama hakuitaka. Mzee aliingia Jumamosi mchana. Aliwasha moto, akatundika suruali, akachana samaki. Kisha upande mmoja wa mwili ukamwangusha. Kuni zilikuwa zimepangwa kando ya jiko, na kwa mkono wa kushoto aliweza kuzifikia. Zote zilikuwa zimekwisha, limebaki vumbi la magome. Moto ule ulilishwa kidogo kidogo usiku kucha na mchana uliofuata. Alikuwa hai Jumapili. Aliisikia sauti ya mtaimbo kwenye barafu, akajua ni nani, kwa sababu hakuna mwingine ambaye angekuja kumtolea mgono. Mdomo ulikuwa hauna sauti. Akachukua upawa.

Ataandika Jumamosi. Aliamua hivyo palepale, na hakuona haya. Taarifa ingesema mzee alianguka Jumamosi akafa, na hakuna mtu duniani ambaye angeumia kwa taarifa hiyo. Alianza kuvitoa vile vipande vya samaki kwenye kamba ili avitie mfukoni.

"Acha nikusaidie," Ulyana alisema nyuma yake.

Alikuwa amesimama kwenye kijimlango cha bandani, shali amelishusha. Gordey alikuwa ameshamwambia, na uso wake ulikuwa na kitu kama mwanga, cha mtu aliyetua mzigo mmoja. "Wanamfungua Semyon. Nimesikia redio. Kaka Arkhip, mimi... mimi nilishamdhania. Nililala kitandani mwake nikamdhania."

"Watu wote walimdhania."

"Watu wote si wake zake." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Kwa hiyo baba alikufa Jumamosi."

"Jumamosi. Alianguka. Hakuumia sana."

"Nashukuru," alisema. Akanyoosha mkono kwenye kamba, kama ambavyo angefanya katika nyumba yoyote yenye samaki wa kutunguliwa, akashika kipande kimoja. Mkono ukasimama.

Alikikunja. Kilikunjika kama ukanda wa ngozi. Alikipeleka puani, kisha akauma ncha kwa meno ya mbele, taratibu, vile wanawake wa mto ule wanavyopima samaki wa akiba tangu wakiwa wasichana.

"Hiki kimekaukia motoni," alisema.

"Dada Ulyana."

"Usiku mmoja hautoshi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkaushia kila mwaka, usinifundishe. Usiku mmoja na kutwa yake." Alikuwa bado anakitazama. "Moto uliwaka hapa Jumapili. Nani alikuwa anautia kuni?"

Arkhip alitafuta neno. Amewahoji wezi, amewahoji wauaji, na uongo wa kazi anaujua. Huu mmoja ulikataa kumtoka. Ulyana alifuata macho yake mpaka ukutani. Akalizunguka jiko, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya zile alama kwenye mbao. Ziliishia chini ya kiganja chake kama zimepimwa.

Nje Gordey alikuwa akimwambia Chagin jambo kwa sauti ya chini, kwa heshima ya chemchemi.

"Barafu ya kwenye chemchemi ni nyembamba," Ulyana alisema. "Ni laini. Maji ya chini hayapungui pale, yanachomoza muda wote. Barafu ya pale haigongi, kaka Arkhip. Haijawahi kugonga. Nimevua pale tangu nina miaka saba."

"Ulikuta kijiti. Hata mimi ningegeuza. Kila mtu wa mto huu angegeuza."

"Najua."

"Hukukosea."

"Najua sikukosea!" Sauti ilimtoka kwa nguvu, mara ya kwanza maishani mwake mahali pale, ikapita mlangoni na kwenda mpaka mtoni. Gordey alinyamaza ghafla. "Nilisimama pale. Hatua chache. Nilikuwa namtolea samaki wake, namfanyia wema, namchagulia nalimu wakubwa nawaweka juu ili awaone kwanza akirudi. Yeye ananigongea. Na mimi nafanya kimya, nisiwasumbue wa majini."

Ndipo alipolia. Alilia akiwa amechuchumaa, paji la uso kwenye mbao, na Arkhip alipiga magoti kando yake kwa kuwa hakujua pengine pa kuwa. Hakumgusa. Alikaa naye mpaka kilio kikaisha chenyewe.

"Utaandika nini?" Ulyana aliuliza.

"Jumamosi."

"Semyon akikuuliza?"

"Jumamosi."

Alifikiri. "Hapana. Semyon nitamwambia mimi. Yeye ndiye alimpigia baba kelele ahame, na watu wakamfunga pingu kwa hiyo. Ana haki ya kujua kwamba alikuwa anasema kweli." Alinyanyuka, akafunga shali. Kile kipande cha samaki alikitia kifuani, ndani ya koti. "Twende. Giza linaingia."

Walitokea mlango wa mbele. Arkhip aliuvuta ukafunga nyuma yao. Mkono wake, bila kumuuliza, ukaokota kile kijiti kwenye theluji, kama mikono ya baba yake na babu yake ilivyofanya kila mara ilipotoka nyumbani, akakiegemeza.

"Usikiweke," Ulyana alisema.

Alikichukua mkononi mwake, akakitia kwenye moto wa Gordey, chini ya birika. Kisha akarudi mlangoni, akaufungua wote mpaka ukagota ukutani, akauwekea jiwe usijifunge, wakapanda sleji wakaondoka.